Nilivyopigwa Mpaka Nikamtaja Mume Wangu

Teke lililomuua mwanangu lilipigwa kwa mguu uliovaa makubadhi mapya. Mume wangu aliyavaa mara ya kwanza asubuhi ile, kwa ajili ya Mzungu wa uhamiaji, na hadi alasiri ngozi ilikuwa bado inalia kila akipiga hatua. Niliyasikia yakinijia juu ya sakafu ya ghala la mbata kabla sijamwona mwenyewe. Nilikuwa chini, kifudifudi. Ami yake, ndugu wa baba yake, alikuwa amekwisha kunipiga bakora za mgongo mpaka akachoka yeye, akaketi juu ya gunia anahema. Mume wangu akanigeuza kwa mguu, kama mtu anavyoigeuza nazi iliyoanguka kutazama imeoza upande gani. Nikaweka mikono yangu yote miwili juu ya tumbo. Mimba ilikuwa ya miezi sita. Akaniambia kwa Kiswahili chake kile cha Kimanga, "Toa mkono." Sikutoa. Akaukanyaga mkono wa kushoto mpaka vidole viwili vikavunjika, nilivisikia, kisha akapiga pale pale nilipopafunika. Akapiga tena.

Mke wa ami alikuwa amesimama karibu na mizani, mikono kifuani. Alisema neno moja tu, wasinipige usoni, majirani wataona kesho.

Nje ya mlango mtu akakohoa. Kikohozi kile nilikijua tangu utoto, maana nimelelewa nacho nyumba moja. Alikuwa mjomba wangu, ndugu wa mama yangu kwa baba na mama. Mlango ulikuwa umeegemezwa tu, mwanga unaingia kwenye upenyo. Nilifurahi. Ndiyo, katika hali ile nilifurahi, nikamwita, "Mjomba, wanamuua mtoto." Nikasikia komeo la nje linasogea. Upenyo wa mwanga ukazibika. Alikuwa anaufunga mlango, sauti yangu isifike barabarani.

Mwanangu alitoka kabla ya magharibi, juu ya jamvi la kuanikia mbata. Alikuwa wa kiume. Alifungua mdomo kama anayetaka kupiga chafya, chafya haikuja, akaufunga. Huo ndio uhai wake, na niliuona wote.

Watu wa Pangani wanasema niliteleza kwenye mafuta ya mbata. Wanasema hivyo mpaka leo, na wengine wanasema kwa kunihurumia. Basi nitaeleza tangu mwanzo, kwa mwandiko wangu huu niliojifunza ukubwani pamoja na wazee wenzangu, na mwenye ushahidi mwingine aulete.

Mimi ni mzaliwa wa Kigombe. Baba alikufa ningali mdogo, mama akamfuata, nikakaa kwa mjomba. Niliolewa na mvuvi wa pale pale, tukakaa miaka, mtoto hakupatikana, akaniacha akaoa mwingine, na yule mwingine akazaa upesi kama anajibu swali. Tangu hapo nikawa tasa. Wala hawakunong'ona. Watoto waliotumwa kuomba moto kwetu walisema wazi kwamba wametumwa kwa yule tasa. Nilikuwa kijana bado, na nilikuwa nimekwisha kuzeeka.

Mjomba alikuwa na minazi michache, nazi zake akiziuza Pangani kwa tajiri mmoja wa asili ya Omani. Babu yake tajiri ndiye aliyekuja, yeye mwenyewe alizaliwa hapa. Huyo ndiye ninayemwita ami. Alikuwa na duka, na ghala, na uwanja wa kukaushia mbata, na shamba kubwa la minazi upande wa Ushongo. Mjomba alikuwa na hamu moja maishani, kuwa mnyapara wa uwanja ule, avae kanzu siku za kazi na awapigie kelele watu waliokuwa wakicheka naye. Mtu mwenye hamu moja ni mtu wa hatari, mimi nawaambia. Mwenye hamu nyingi utampata kwa hii au ile, lakini wa hamu moja humpati kwa lolote.

Wakati ule serikali ya Mwingereza ilikuwa imekaza mambo ya wageni. Zamani Mmanga wa Omani alishuka pwani yetu kama anavyoshuka kitandani. Sasa ikawa lazima awe na ruhusa, na anayedai kwamba ni mzaliwa au mkaazi wa siku nyingi aulizwe mbele ya ofisa. Mtoto wa ndugu yake ami akaja kutoka kwao Omani bila ruhusa. Walimshusha Ushongo, kwenye minazi ya ami mwenyewe, si forodhani. Hakukaa sana askari akafika dukani kuuliza. Ami hata mate hakumeza. Akasema kijana amezaliwa Pangani hapa hapa, alipelekwa Uarabuni utotoni akasome, akarudi kabla sheria haijakazwa, na mke anaye, mwanamke wa pwani hii, mwaka wa tatu sasa. Askari akasema wataitwa Tanga kuhojiwa, yeye na huyo mkewe.

Mke alikuwa bado hajapatikana.

Ndipo mjomba alipoitwa. Mimi nilifaa kwa kila upande. Nilikuwa mtu mzima niliyekwisha kukaa na mume, baba sina wa kuulizwa, mama sina wa kulia, na mtoto sina wa kuharibu hesabu ya miaka yao. Mjomba alirudi Kigombe amebeba sukari na mchele, akaniambia nimepata bahati, Mwarabu kijana ananitaka. Sikuwa mjinga. Nilimuuliza Mwarabu kijana anataka nini kwa tasa. Akasema nyota yangu imeng'ara, nisiipake masizi.

Ndoa ilikuwa ya kweli, na mwalimu alikuwapo. Lakini ilikuwa harusi bila ngoma, bila biriani, bila hata mwanamke mmoja wa kupiga kigelegele, ili mtu asije akaikumbuka tarehe. Nilipelekwa Pangani nimekaa juu ya magunia, na nilipofika mke wa ami akanitazama mikono, akasema kumbe nina nguvu.

Mume wangu sikumchukia mwanzoni. Alikuwa kijana, mwoga, hajui chakula chetu wala mbu wetu. Usiku wa kwanza alinipa halua, akageuka ukutani akalia. Ami alimfundisha Kiswahili kwa makofi, kila jioni, kwa kuwa alitaka aseme kama mtoto wa Pangani. Alikuwa na kovu refu mguuni, alikatwa na mundu huko kwao akivuna tende. Kovu lile nalo likapewa hadithi mpya, kwamba alianguka mnazini utotoni, Ushongo. Akikosea kusema mnazi wa nani, kofi. Alipotoka kwa ami akaingia chumbani, lile kofi alikuwa bado anatembea nalo, na chumbani tulikuwa wawili tu. Ndivyo lilivyonifika mimi.

Serikali haikuwa na haraka. Vuli ikapita, kiangazi kikapita, na katikati ya masika nikajua kwamba nimeshika mimba. Sikumwambia mtu. Nilikaa na habari ile kama mtu aliyeficha moto kwenye mkunjo wa kanga. Mimi, tasa. Niliposikia amecheza tumboni nilikuwa nabangua mbata uwanjani, nikaacha kisu, nikacheka peke yangu, mfanyakazi mwenzangu akaniuliza kama nimeona jini.

Mke wa ami akaligundua tumbo kabla sijasema, akaenda kwa mumewe, na mumewe akafurahi kunishinda. Akasema tumbo ni ushahidi unaotembea. Tangu siku hiyo nikakatazwa kubeba magunia, nikapewa maziwa. Nikadhani nimependwa.

Kisha, Idi ya mfungo ilipokwisha, tukaitwa Tanga. Hapo ndipo mafunzo yangu yalipoanza.

Kila siku baada ya sala ya alasiri nilipelekwa ghalani. Ami aliketi juu ya gunia nyuma ya meza, amevaa kofia ngumu ya jua iliyoachwa na Mzungu mmoja wa mkonge. Yeye ndiye Mzungu. Mkewe alisimama kando na tambuu shavuni, yeye ndiye mkalimani. Mume wangu alikaa mlangoni kusubiri zamu yake. Waliniuliza nimeolewa lini, nani alikuwa shahidi, mume wangu analala upande gani, kovu lile la nini, na anapenda samaki gani. Niliposita nilipigwa bakora ya mtobwe kwenye nyayo, niliporudia kosa nikapigwa viganjani. Tumbo hawakuligusa. Mke wa ami alikuwa akinizungusha kwa mkono, polepole, kama mtu anayegeuza mtungi asiumwage, ili bakora ipate pa kupita.

Hayo yote niliyashika upesi. Mimi nina akili, ila sikusomeshwa. Nilishindwa na swali moja, lile waliloliona wao ni jepesi kuliko yote.

"Mume wako jina lake nani?"

Sasa asiye mtu wa kwetu asikilize. Kwetu mke hamtaji mume. Wadigo hivyo, Wabondei hivyo, sisi Wamtang'ata wa Kigombe hivyo. Utasema baba fulani, utasema mwenzangu, utasema huyo wa kwangu, lakini jina lake halipiti mdomoni mwako, na hasa mbele ya watu. Baba yangu alipewa jina la siku aliyozaliwa, na mama mpaka anakufa wiki yake ilikuwa na siku sita na "ile nyingine". Na ikiwa umebanwa kabisa, mtu mwenye haki ya kuuliza anauliza, iko njia. Unamgeukia aliye karibu, mtoto au jirani, unamwambia, "Hebu nitajie." Yeye anataja, wewe unaitikia. Ndiyo adabu, na kila mtu anaijua.

Nyumba ya ami haikuijua. Waliishi nasi vizazi na vizazi, wakala nazi zetu na kuzaa na wajakazi wao, lakini mambo yetu ya ndani waliyaona upuuzi wa mashamba. Niliwaeleza. Nilisema niacheni nimgeukie mtu. Ami akauliza nitamgeukia nani katika ofisi ya serikali, nimgeukie Mzungu anitajie mume wangu? Mkewe alicheka mpaka tambuu likamtoka. Kisha bakora.

Nikajaribu. Wallahi nilijaribu. Jina lilikuja mpaka kwenye ulimi, likarudi. Nilikuwa nikijiona kama mtu anayeambiwa avue nguo sokoni. Wao wakaona ni ukaidi. Mume wangu akaona namdharau, kwa kuwa kwao mtu akikataa kukutaja amekutupa. Zamu yake ilipofika alikuwa akinishika taya kwa vidole, ananitazama machoni, anasema jina lake, anangoja. Nikinyamaza ananipiga kichwa ukutani. Ukuta wa ghala ni wa mawe na chokaa. Sikio langu la kulia halijasikia vizuri tangu hapo.

Siku moja mjomba akaja na nazi zake. Nikamwamkia shikamoo, nikamvuta nyuma ya tanuri la mbata, nikamwonyesha viganja. Vilikuwa vimevimba hata havikunjiki. Nikamwambia, mjomba, jambo hili wewe walijua, nenda ukawaambie. Mkalimani wa Tanga huenda akawa mtu wa huku kwetu; nikimtaja mume mbele yake nitakuwa nimejichongea mwenyewe. Wakuache wewe uwe karibu, nikugeukie, unitajie. Wewe ni shahidi, utakuwapo.

Mjomba alitazama uwanjani, wanapoanika.

"Mama yako alikuwa na kichwa hiki hiki," akasema. "Sema wanavyotaka."

"Na mkalimani akiwa mtu wa kwetu?"

"Mtu wa kwetu nani atampa kiti ofisini? Sema wanavyotaka, mwanangu. Mimi nina mambo yangu hapa karibu yameiva, usinimwagie mchanga."

Alijua. Hilo nataka lieleweke. Ami hakujua, mkewe hakujua, mume wangu hakujua. Yeye alijua kama mimi ninavyojua, na mkewe mwenyewe hajawahi kumtaja.

Basi nikajifunza. Kipigo kina njia zake. Ikafika siku jina likatoka, mara ya kwanza nikatapika, mara ya pili sikutapika. Wakaongeza jina la baba yake, na babu yake, na kabila lake. Mwishoni nikawa nikiulizwa nalifyatua lote pumzi moja, macho mbele, kama mtoto wa chuoni anayekariri juzuu akiogopa fimbo. Ami akapiga meza kwa furaha. Mume wangu akaniletea halua tena. Mke wa ami akasema, mnaona, hakuna mwanamke asiyefunzika.

Siku ya ofisi tulipanda basi alfajiri, mimi, mume wangu na ami. Kigombe mjomba akapandia njiani, kanzu yake imepigwa pasi. Nilivalishwa kanga mpya, imefungwa juu ili tumbo lionekane vizuri. Mtoto alicheza njia nzima. Nilikuwa namwambia kimoyomoyo atulie, leo ndiyo mwisho, wakishapata karatasi yao watatuacha tupumue.

Aliitwa mume wangu kwanza, akakaa sana, akatoka anatokwa jasho lakini anatabasamu. Akaingia mjomba, akasema alinioza miaka mitatu nyuma, akatoka. Kisha mimi.

Mzungu alikuwa mtu wa makamo, uso mwekundu, anaonekana anataka kwenda kula. Mkalimani alikuwa kijana wa Kibondei kutoka upande wa Muheza. Nilimjua kwa namna alivyonisalimu. Ndiye yule niliyemhofia. Lakini maswali yakaenda vizuri. Nilijibu la ndoa, la mashahidi, la kovu na mnazi. Mzungu akalitazama tumbo, akaitikia kwa kichwa kama aliyeridhika. Akasema kitu, mkalimani akakigeuza.

"Na huyo bwana wako, dada, anaitwa nani?"

Nilitaka kunyamaza. Nyayo zangu zikakataa. Hiyo ndiyo kweli yenyewe, swali liliposemwa nyayo ziliwaka, na mdomo ukafunguka wenyewe. Nilimtaja yeye, na baba yake, na babu yake, na kabila lake, bila kuvuta pumzi.

Mkalimani akainua kichwa. "Hebu rudia."

Nikarudia.

Akacheka kidogo kwa puani, akamwinamia Mzungu, wakazungumza Kizungu. Kisha akanigeukia, wala hakuwa na ukali, alikuwa kama mtu aliyeshinda bao.

"Dada, mama yangu ana wajukuu, na mpaka leo akiulizwa jina la baba hunigeukia mimi nimtajie. Wewe wa Kigombe umemtaja mume mbele ya wanaume wawili usiowajua kama unaita mbuzi. Nani kakufunza?"

Nikainamia mapaja yangu.

"Na viganja hivyo?"

Viganja vilikuwa juu ya mapaja yangu, wazi, vyekundu, na michirizi. Nilifungua mdomo. Nilitaka kumwambia kwamba wamenipiga, nina mimba, msinirudishe kwao leo. Lakini alikwisha kunipa kisogo. Alikuwa anamweleza Mzungu desturi ya wanawake wa pwani, kwa mikono, kwa kuigiza, na Mzungu anacheka. Hakusubiri jibu. Aliuliza swali lile la viganja, na mimi ndiye mtu pekee aliyekumbuka kwamba limeulizwa.

Alipotufungulia mlango alimwambia ami maneno haya, na nilikuwa nyuma yake: "Mzee, huyu mmemfunza kupita kiasi."

Tukapanda basi kurudi. Tulipofika Kigombe nilimwomba mjomba tushuke wote, nikae kwake japo siku chache. Konda alikuwa anangoja. Mjomba akamtazama ami. Ami akasema mke anafuatana na mumewe. Mjomba hakushuka, akaja nasi mpaka Pangani, kwa kuwa aliogopa lawama na alitaka kuonekana yuko upande gani. Tumbo langu lilikuwa limelindwa kwa sababu lilikuwa ushahidi. Ushahidi ulikuwa umekataliwa. Tulipokwisha kuingia ghalani nililiona jambo hilo usoni mwao, kabla ya bakora ya kwanza. Waliyonitenda humo nimekwisha kuyasema.

Nililazwa kwa bibi mmoja mkunga jirani, nikashikwa na homa, sikujitambua. Nilipofumbua macho nikaulizia maiti ya mwanangu. Bibi akasema mjomba wangu aliichukua jioni ile ile, ameifunga katika kipande cha gunia la mbata, akasema anakwenda kuizika. Wapi, hakusema. Mke wa ami alituma kanga jozi moja, mpya, bila neno. Nilizipasua nikafungia vidole. Hospitali ya Tanga daktari aliniambia kwamba kizazi kimekwisha.

Nikamwendea jumbe. Nilikwenda kwa miguu yangu, mkono umefungwa. Jumbe alinisikiliza akasikitika, akasema, "Lakini, mwanangu, mjomba wako amekwisha kufika hapa. Amesema alikuwapo, na wewe uliteleza." Mjomba wa mtu akisema, nani atasema zaidi? Kesi yangu ikafia pale barazani.

Mume wangu alifichwa Ushongo, akasafirishwa kwao kabla askari hawajamfuata. Nasikia ana watoto. Ami alihamia Unguja, akafia huko, na mkewe akamfuata. Wamekufa wamelala vitandani, wamesomewa hitima. Wao ndio walionipiga, nawataja kwa kazi zao na udugu wao, na anayetoka Pangani anawajua.

Mkalimani yu hai. Nilimwona Muheza siku nilipokwenda kununua machungwa ya kuchuuza. Siku hizi ana shamba, ana mvi, vijana wanamwamkia shikamoo. Alikuwa ameketi mbele ya duka na wenzake, anasimulia alivyomkamata Mmanga kwa mdomo wa mkewe. Alinielezea vizuri kabisa, hata tumbo. Watu wakacheka, na mmoja akamwomba aigize tena ninavyotaja. Akaigiza. Nilisimama na kapu langu mpaka alipomaliza, nikamuuliza ni yapi yaliyompata yule mwanamke baadaye. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa habari za mvua ya zamani.

"Sijui, dada. Kazi yangu iliishia pale."

Sikumwambia. Kazi yake na iishie pale, yeye na ofisi yake, mbele ya Mungu watajuana. Lakini kuna mmoja ambaye kazi yake haikuishia.

Mjomba, unyapara uliupata. Uliupata mwaka ule ule, ukavaa kanzu siku za kazi. Leo wewe ni mzee wa Kigombe, unakaa safu ya mbele msikitini, mtu akifiwa wewe ndiye unayeambiwa usimamie mazishi. Kila ninapokuuliza unaniambia mambo ya zamani yameshapita, nikuombee afya. Nimekuuliza kwa upole, nimekuuliza kwa kulia, nimemtuma mkeo akuulize. Sasa nimeandika, na maandishi haya yatasomwa mbele ya watu unaowazikia. Simama uwaambie kama niliteleza. Halafu unijibu mimi, kabla hujafa na jibu lako: mwanangu ulimzika wapi? Chini ya mti gani, upande gani wa njia? Na ulimwosha, au ulimtupa?